Nilikikataa chungu cha mama Magesa

Kosa ni langu na sitamsingizia mtu. Naandika polepole kwa sababu shule niliishia la saba, na kwa sababu jambo hili kulisema kwa mdomo nimeshindwa.

Mimi na Magesa tunafungua marobota ya nguo kwenye duka la jumla hapa Kariakoo. Kwa miaka mitatu tulikula sahani moja mchana na kulala chumba kimoja Magomeni. Mimi ni mtu wa haya, sikuwa na rafiki mwingine. Yeye ni Mkerewe, wa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Kila tukila alisifia chakula cha kwao, mpaka nikamwomba anipeleke nikaone wanavyoishi.

"Leo utakula sato, samaki wa ziwani, wewe mtoto wa mjini unayejua kibua tu," alinicheka tukiwa kwenye kivuko. Kisha akasema bila kucheka, "Ila nyumbani kwetu mgeni ndiye anafungua chungu. Usipokula wewe, hali mtu."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mama yake.

"Marahaba mwanangu. Magesa, mbona mwenzio mwembamba hivi? Huko Dar mnakula upepo?"

Wote wakacheka. Nikainama.

Mchana mama alileta ugali wa muhogo na chungu cha sato, akakiweka mbele yangu, akakaa. Baba, shangazi na dada wawili wa Magesa wakanitazama mimi.

"Karibu, mwanangu."

"Ahsante mama, nimeshiba."

Mnajua mambo ya huku kwetu. Ukikaribishwa unasema umeshiba, unavutwa mkono, unakataa tena kidogo, ndipo unanawa. Ukinawa upesi utaambiwa una njaa. Na njaa nilikuwa nayo, tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nilikuwa nasubiri kuvutwa mkono.

Hakuna aliyenivuta. Mama alikiinua chungu bila kukifungua, akasimama nacho. Kwao chakula alichokikataa mgeni, wenyeji hawakigusi. Dada mmoja alikipeleka kwa majirani, na kwa njia hiyo kila nyumba ikajua kuwa mgeni wa Dar amekikataa chungu cha mama Magesa.

"Mwambie unakula," Magesa alininong'oneza. "Sema sasa hivi, bwana."

Mdomo haukufunguka. Macho yalikuwa mengi.

Njaa iliponizidi nilijificha nyuma ya nyumba na pakiti ya biskuti niliyonunua Mwanza. Mama akatokea na ndoo ya maji, akanikuta shavu limejaa.

"Kumbe njaa unayo," alisema taratibu. "Nimekukosea wapi, mwanangu? Au ni hii mikono yangu?"

Akaitazama. Ina makovu meusi ya moto, maana miaka yote amekausha samaki, na samaki hao ndio waliomsomesha Magesa. Nilitakiwa kusema, "Mama, naona haya tu." Maneno manne. Nikatazama chini mpaka akaondoka.

Tuliporudi Dar, Magesa alihamia kwa binamu yake. Robota tunalishika pamoja, yeye upande ule, mimi huku, bila neno. Chumba nimebaki nacho peke yangu, na kitanda chake sijakiondoa.

Juzi nilinunua ugali na samaki kwa mama ntilie wetu, nikamwita. "Karibu, Magesa."

"Ahsante, nimeshiba."

Nilimvuta mkono. Nilimbembeleza mara tatu mbele ya watu, mimi huyu ninayeogopa hata kuuliza nauli. Akautoa mkono wangu polepole, akaenda kusimama nje mpaka nilipoinuka. Ile sahani sikuimaliza.

Ndugu zangu mnaotembelea watu mkaone mila zao na kuonja vyakula vyao, mkikaribishwa naweni. Kama mna haya, semeni mna haya. Mimi haya yangu naijua tangu utotoni. Yule mama hakuijua. Alichokuwa nacho cha kutazama ni mikono yake tu.