Mama Alipokula Mbele ya Mkwe

Mama yetu, Eustadia, tuliyemzika Jumanne iliyopita, alikuwa muuza michembe katika soko la Tabora. Alikata viazi vitamu, akavianika mpaka vikawa vigumu kama mbao, na watu wa reli wakavinunua kwa safari. Hakukosa Misa. Hotelini aliingia siku moja tu, mwaka 1951, na siku hiyo ndiyo iliyomharibia jina.

Dada yangu Josepha alikuwa amechumbiwa na Damas, karani wa reli. Jumapili moja baada ya Misa Damas alitungoja nje ya kanisa, tai imembana shingo.

"Shikamoo, mama. Leo mtakula nami hotelini kwa Mgiriki."

"Marahaba, baba," mama alijibu akitazama chini, kanga imemfunika nusu ya uso. "Nenda na wenzako. Mimi nitakula nyumbani."

Mnyamwezi yeyote angelielewa jibu lile. Mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe. Damas alicheka.

"Hayo ni mambo ya wapagazi wa misafara ya Ujiji. Mimi naoa kwenye ustaarabu. Kama mama mtu hawezi kukaa mezani, binti ataweza?"

Josepha akamvuta kanga. "Mama, tafadhali. Usiniharibie."

Tukaenda. Njaa ilituuma, maana wakati ule anayepokea Komunyo hakutia hata maji kinywani tangu usiku wa manane. Kwa Mgiriki kulikuwa na mitende ndani ya ndoo za shaba, na mhudumu mwenye glavu nyeupe, Selemani, mtu wa pwani. Tulingoja sana. Hatimaye kila mtu akaletewa yai moja, limesimamishwa kwenye kikombe kidogo, na kipande cha mkate mkavu kilichokatwa pembe tatu. Chai ilikuwa imepoa. Ndani ya yai, ute ulikuwa bado maji.

"Ndivyo wanavyokula Ulaya," Damas akatuambia.

Mama alikuwa amekigeuza kiti chake, akautazama ukuta. Wazungu wa meza ya pili wakaanza kucheka. Selemani naye, kwa kuwa watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani, hakujizuia.

"Enyi Wanyamwezi! Mizigo mlishatua zamani, mbona mama bado anatafuta njia ya Ujiji ukutani?"

Mtani hakasirikiwi. Mama akacheka kidogo. Damas hakucheka.

"Geuka, mama," alisema polepole. "Geuka ule, au ondokeni wote, na posa yangu iishie hapa."

Mama akafanya ishara ya msalaba. Akageuka, akafunua uso, akala lile yai bichi mpaka likaisha, ute ukimtiririka kidevuni, mkwe akimwangalia. Alipomaliza, Damas akampigia makofi.

Wiki ileile Imakulata, shangazi yake Damas, akaja uani kwetu. Alikataa kigoda.

"Kwenu hatuoi tena," alisema. "Tumesikia umetafuna mbele ya mkwe, tena Wazungu wakitazama. Binti kafundishwa adabu na nani?"

"Mwanenu ndiye aliyeniamuru."

"Mwanetu ni kijana, wewe ni mtu mzima. Na mwenyewe anasema akimtazama Josepha sasa anaona kidevu chako."

Imakulata alipoondoka, Josepha akatoka ndani.

"Si ungekataa tu, mama?"

"Ulisema nisikuharibie."

"Basi umeniharibia."

Mama akachukua kisu, akaendelea kukata viazi vyake. Josepha alihamia Igunga kwa mjomba, akaolewa huko na mfugaji, Mahona, na mama aliambiwa asifike harusini. Mama alipofariki tulimpelekea Josepha habari ya msiba. Akajibu kwamba ng'ombe hawana mtu wa kuwaangalia.

Kila asubuhi namwombea mama pumziko la milele. Josepha namwombea pia, kwa kuwa padre ameniagiza.