Nilivyokwenda Iringa Kudai Jina Langu

Nilikwenda Iringa kudai jina langu. Darasa la saba nilifaulu mimi. Kabla sijaenda sekondari, homa ya uti wa mgongo ikanilaza. Wodini tulikuwa watoto wanne, nikatoka mzima peke yangu. Kufika nyumbani, mdogo wangu Lugano, tuliyesoma darasa moja naye akafeli, yuko bweni kwenye nafasi yangu, anaitwa kwa jina langu, Ambakisye Asajile. Waliofanya hayo nawataja: baba yetu, mzee Asajile, na mwalimu mkuu Ndelwa, aliyepelekewa majogoo mawili. Leo Lugano ni daktari wa fizikia, anafundisha chuo kikuu Iringa. Mimi nasuka nyaya za shaba za mota za mashine za kusaga, Mwanjelwa, Mbeya.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Mbeya. Chimala, Igawa, mpaka Makambako na baridi yake, nilikuwa napanga maneno. Kesho yake Lugano alialikwa sekondari moja ya huko, angefundisha mbele ya shule nzima. Nitasimama, niseme.

Saa saba mchana, Iringa. Lugano alinipokea na gari lake, miwani usoni, kola nyeupe.

"Ndaga, kaka," akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga."

Nyumbani kwake mkewe akaita kutoka jikoni, "Ambakisye, chakula tayari!" Nikainuka mimi.

"Eh, shemeji, njaa hiyo!" akacheka. "Namwita mume wangu!"

Lugano aliangalia sahani yake.

Asubuhi, ukumbi wa shule ulijaa. Lugano alitoa kitu cheusi kama kigae cha chungu. Akasema ni shaba iliyookwa na oksijeni na madini mengine. Akakimwagia naitrojeni ya maji, ikafuka moshi wa baridi, akaweka sumaku juu. Ikaelea! Watoto wakapiga kelele. Mimi niliangalia mkono wa Lugano tu. Ulitakiwa uwe wangu.

"Humu kila chembe ya shaba ni kisumaku," akasema. "Oksijeni ikiwa pungufu, kila kimoja kinaelekea kinyume na jirani yake. Vimekazana hivyo, umeme haupiti. Ongeza oksijeni, mpangilio unavurugika. Kipoze, umeme unapita bila kizuizi."

Shaba naijua. Nikajikuta nimesimama. "Kwa hiyo usumaku ndio adui wa huo umeme? Au ule ubishi wa majirani unabaki, na ndio unaousaidia?"

Lugano akavua miwani. "Hapo ndipo dunia nzima inabishana. Wengi tunadhani ubishi uliobaki ndio unaofunga elektroni mbilimbili, zikapita bila kukwama. Hakika hatuna."

"Swali zuri sana!" mwalimu wao akasema. "Mzee, unaitwa nani?"

Lugano akaweka chupa ya naitrojeni mezani.

"Ambakisye Asajile," nikasema kwa sauti.

Ukumbi ukalipuka. "Wajina wa daktari!" Watoto wakapiga makofi. Nilimwangalia Lugano, nikangoja aseme ukweli. Akacheka pamoja nao.

Saa sita alinirudisha stendi. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

"Kaka," akasema chini chini, "lile swali, wanafunzi wangu wa chuo wanalifikia mwaka wa tatu. Wengine hawalifikii."

Alidhani ananipa kitu. Miaka yote nimemchukia Lugano, lakini nilikuwa na kijifaraja kimoja: labda hata mimi ningeshindwa masomo huko mbele. Mafinga mpaka Mbeya nilikitafuta, sikukiona. Nisingeshindwa.