Sucré ya Ndani ya Kopo

Hapa Kisangani ukisema "sucré", hata mtoto mdogo anakuletea chupa ya kinywaji cha povu, ya machungwa au nyeusi, ikiwa baridi. Tulikuta hivyo na tunasema hivyo. Kwa hiyo siku ile infirmier Célestin, muuguzi wetu, alipomwambia Mama Berthe, "Mama, kuanzia leo papa asiguse sucré," Mama Berthe alirudi nyumbani, akazitoa chupa zote chini ya meza, akamgawia jirani.

Mume wake, Papa Nephtali, ni mvuvi wa maporomoko, mtu wa kupanda ile miti mirefu iliyosimikwa ndani ya maji na kuvuta vikapu vya samaki. Kijiti kilimchoma mguuni, na kidonda kikagoma kupona. Walipopima damu, sukari ilikuwa juu. Célestin hakuficha: sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Na mvuvi wa maporomoko bila mguu ni nani? Ni mtu wa kukaa uani akisikiliza maji yakivuma.

Mama Berthe akajifunga kweli. Sukari nyeupe aliifukuza nyumbani. Akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki, lituma ya ndizi za kutwanga akaipunguza. Na ili mzee asikonde, kila asubuhi alimtilia kwenye chai yale maziwa ya kopo, mazito, yanayoshuka kwenye kijiko polepole. Maziwa yanatia nguvu, hilo alilijua tangu kwa masista waliomfundisha kusoma. Utamu wake alidhani ni wa maziwa yenyewe, kama utamu wa ndizi ulivyo wa ndizi.

Walipopima tena, sukari ilikuwa imepanda.

"Mama, papa anakunywa sucré," Célestin alisema.

"Hata tone!"

"Basi iko anakunywa kwa kificho. Wazee wanafanyaka vile."

Neno hilo lilimchemsha Mama Berthe njia nzima. Alipofika nyumbani hata kiti hakushika.

"Nephtali, unaendaka kunywa wapi? Kwa huyu?" Alimnyooshea kidole Bavon, mdogo wa mume wake, aliyekuja kumsalimia mgonjwa.

"Kunywa nini?"

"Sucré! Unataka wakukate mguu, nikubebe mgongoni kama mutoto?"

"Berthe, naapa mbele ya Mungu…"

"Usimuingize Mungu ndani ya chupa yako! Muongo mukubwa!"

Bavon akainama, akaangalia viatu vyake. Papa Nephtali akageuza uso. Katika maisha yake wamemwita mkaidi, ujanani wamemwita mlevi. Muongo, hakuna aliyewahi. Toka hapo akawa anakula chakula cha mke wake bila kumwambia neno.

Jumamosi Mama Berthe alipanda toleka, akakaa nyuma ya baiskeli mpaka kwenye duka la Priscille, karibu na soko. Priscille ni mama mwenye mdomo.

"Nataka vitu visivyotiwa sukari," Mama Berthe alisema.

"Eh! Mama Berthe, umeanza régime ya kupunguza mwili? Unataka kurudi kibinti?"

"Acha mchezo. Mzee iko mgonjwa."

Priscille akakata kicheko, akazunguka meza, wakaanza kutafuta pamoja. Biskuti, hapana. Jus ya boksi Priscille aliisukuma kando bila hata kuisoma. Tomate ya kopo Mama Berthe aliisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, akakuta "sucre", sukari ya Kifaransa, isiyo na kialama cha juu kama sucré ya chupa, akairudisha. Karanga, sawa. Samaki ya chumvi, sawa.

"Na maziwa yangu yale, usisahau."

Priscille alilichukua kopo, akalishika tu.

"Hii? Mama, soma basi."

"Nasomaka kila siku. Lait concentré sucré." Mama Berthe akacheka. "Wazungu nao! Maziwa na sucré, wapi na wapi? Nilisemaka ni kampuni moja, inatengeneza maziwa, inatengeneza na sucré."

"Mama, sucré hii si chupa. Maana yake wametia sukari. Karibu nusu ya kopo iko sukari."

Mama Berthe alilipokea kopo, akaligeuza, akaligeuza tena. Kila asubuhi kijiko kimejaa, na kingine cha kuongezea, kwa upendo.

Alirudi kwa miguu. Papa Nephtali alikuwa uani, mguu juu ya kiti, kitambaa kimelowa. Bavon alikuwepo. Alipomwona shemeji yake na uso ule, akainuka kuaga.

"Kaa, Bavon. Ulisikia yale, sikia na haya." Akamgeukia mume wake. "Nephtali, sucré ilikuwa ndani ya maziwa. Mimi ndiye nilikuwa nakupa."

Mzee alimwangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ugomvi ule.

"Donc, basi, mimi si muongo."

"Wewe si muongo."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa haki yake. Kisha macho yakashuka kwenye kitambaa.

"Na mguu?"

Mama Berthe alivuta kigoda, akaketi karibu, akaanza kufungua kitambaa polepole asimuumize.