Maji Yanafuata Kifaa

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na boza la maji la halmashauri linatambaa kuzunguka kituo cha mabasi. Dereva wake, mwanamume wa miaka hamsini na miwili ambaye wakazi humwita Mvua, anafungua koki. Barabara inalowa, vumbi linalala.

Juu ya paa la ofisi ya kituo kuna sanduku jeupe. Ni kifaa cha kupima hewa, cha pekee mjini. Takwimu zake hufika halmashauri kila saa. Vumbi likizidi kiwango, simu ya Mvua inaita.

Akimaliza, anafunga koki na kushika barabara ya machimbo ya kokoto kurudi karakana. Malori ya mawe hupita hapo mchana kutwa. Hakuna kifaa, kwa hiyo hakuna maji.

"Tangi linabaki na robo," anasema. "Lakini ni ya mzunguko wa pili, kulekule kituoni."

Kwenye barabara hiyo dada yake mkubwa alishona sare za shule kwa miaka kumi na tisa. Kila Mvua alipopita, alipokewa kwa maneno.

"Mvua wee! Wenzetu wana pua, sisi tuna nini?"

"Dada, nikifungua hapa kazi sina."

"Basi tema mate hata dirishani, tutashukuru!"

Utani huo ulificha mengi. Miaka miwili iliyopita, dada huyo aliacha kupokea vitambaa vyeupe. "Shati linaingia jeupe, linatoka kahawia," anaeleza kwa simu. "Mteja ananitazama kama nimemwibia." Kilichofuata ni kikohozi kisichosikia dawa.

Ofisa mazingira wa halmashauri hakatai kwamba barabara ya machimbo imeachwa. Anasema kifaa kiliwekwa kituoni kwa sababu watu ni wengi, umeme ni wa uhakika na mlinzi yupo.

"Maji yanawasaidia kweli watu wa kituo," anasema. "Lakini bajeti inakwenda penye takwimu. Pasipopimwa, kamati nitaiambia nini?"

Mvua alimpelekea dada yake jibu hilo. Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, wakazi hawakuomba maji. Waliomba kifaa.

"Mwenyekiti alidhani tumerukwa na akili," anasema Mvua, akicheka kidogo. "Watu wanakula vumbi, wanaomba sanduku."

Ombi lilikubaliwa baada ya miezi kumi na minne. Kifaa cha pili kitafungwa mwezi ujao juu ya paa la zahanati, hatua chache kutoka kwenye kibanda cha dada.

Kibanda kimefungwa. Daktari alimshauri ahame, naye amehamia kwa binti yake, mbali na machimbo. Cherehani ameiacha ndani, imefunikwa.

"Nilikuwa nampita kila siku na maji mgongoni," anasema Mvua. Halafu anarekebisha kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na shida.

Amemwahidi kwamba siku ya kwanza ya kumwagilia barabara hiyo ataanzia mlangoni kwake. Dada hakushangilia. Alimwagiza afunge kipande cha kitambaa cheupe kwenye kufuli asubuhi, akitazame jioni.

"Kikibaki cheupe, niite," alimwambia. "Kisipobaki, kifue, ukifunge tena."

Mvua ameshanunua kitambaa. Amekiweka chini ya kiti cha boza, ndani ya mfuko wa plastiki, kisiingie vumbi.