Viti vya Henzirani vya Mama

Baba alipohamishiwa kazi Dodoma tulipanga nyumba mtaa wa Kikuyu, na kitu cha kwanza mama alichonunua kilikuwa seti ya viti vya henzirani. Vilikuwa vyepesi. Alasiri, bati likishapata moto na ndani hakukaliki, sisi watoto tulivibeba hadi kivulini nyuma ya nyumba, na majirani wakaja kukaa. Hadi leo nikisikia henzirani ikilia chini ya mtu anayejiweka sawa, namwona mama akichambua mlenda, ungo mapajani.

Msiba ukitokea mtaani, viti vile navyo vilikwenda. Mara moja kimoja kilirudi kimetoboka pale pa kukalia. Jirani aliyekirudisha alitazama chini.

"Nisamehe dada. Aliyekikalia alikuwa mzee mwenye mwili wake. Nilishindwa kumwinua."

"Hata mimi ningeshindwa," mama akasema, akamkaribisha chai.

Baba alitaka kitupwe korongoni, ambako makochi mabovu ya mtaa mzima yaliishia, sponji zake zikipeperushwa na upepo wa kiangazi hadi mashambani. Mama hakukubali. Aliagiza fundi kutoka Mkonze, mama mmoja mjane aliyeishi kwa kusuka viti. Alikuja na mzigo wa henzirani kichwani, akaziloweka kwenye beseni letu la kufulia, kisha akakigeuza kiti juu chini.

"Miguu mizima, mgongo mzima," alisema. "Kilichokufa ni hapa tu."

"Na hizi henzirani mnazipata wapi?" mama akauliza.

"Zinakuja na malori kutoka misitu ya Morogoro. Zinatambaa juu ya miti. Mkataji akiwa na adabu, mti unabaki umesimama, na zenyewe zinachipua tena."

Mama alivuta mkeka akakaa karibu naye. "Nifundishe basi."

Jioni ile alipika ugali vidole vikiwa vimechubuka, lakini alikuwa anaimba. Baada ya muda akawa anashinda Mkonze kwa yule mjane, wakisuka pamoja. Ada zetu za sekondari zilitoka kwenye viti hivyo, na za binti wa mjane pia.

Kisha viungo vya vidole vya mjane vikaanza kuvimba. Ikafika mahali hawezi hata kushika kisu. Mama aliendelea na kazi peke yake, na kila mwisho wa mwezi alimpelekea fungu lake. Mjane alipokataa, mama alimwambia, "Wateja ni wako. Mimi nimekushikia tu."

Mwishowe binti yake alimchukua akaishi naye Chemba. Mwaka uliofuata mama alitengeneza kiti kizima mwenyewe, kuanzia fremu, tukakipakia juu ya basi tukampelekea.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mjane.

"Marahaba mwanangu. Umekua."

Alikizunguka kiti kile polepole, akapitisha vidole vyake vilivyojikunja kwenye ususi, akasimama kwenye pembe moja.

"Hapa umelegeza," alisema.

Mama aliinama kuangalia. "Kweli."

Wakacheka mpaka mjane akajifuta machozi kwa kanga. Mama aliomba maji kwenye beseni, akafumua ile pembe palepale, mwenzake akimwelekeza kwa mdomo. Basi la kurudi lilitupita tukilisikia. Hakuna aliyenyanyuka, na usiku ule tulilala Chemba.