Oili Chafu kwa Mbwa wa Mzee Karisa

Nakumbuka siku niliyomuua mbwa wa mtu huku najiona tabibu. Mwanangu, weka chini huo mkebe wa oili chafu unisikilize, maana nimekukasirikia tangu nilipokuona ukiikoroga umpake mbwa wako mwenye kupe.

Nilikuwa kijana, kuli kwenye ghala la nafaka kule Changamwe. Mlinzi wetu, Mzee Karisa, alikuwa na mbwa mdogo, teria, aitwaye Pilipili, wa aina hiihii ya mbwa wako: kimo cha ndoo, masikio wima, mkia mfupi, nywele ngumu juu na laini chini yake. Alipewa na baharia wa Uskoti, aliyemweleza kuwa kwao mbwa hawa walizalishwa tangu zamani waingie kwenye marundo ya mawe kuwafukuza wanyama waharibifu. Panya wa ghala letu walimjua vizuri!

Mzee akaenda matangani Kaloleni, akaniachia Pilipili. Aliniagiza nimchane nywele, nimpe maji, nimweke kivulini. Nikamwona ana kupe masikioni. Mtaani kwetu kila mtu alijua dawa yao ni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya lori, basi nikampaka kichwa hadi mkia, na kujisifu nikajisifu. Mbwa hujilamba, mwanangu. Akailamba.

Mzee aliporudi alimkuta anatapika, kusimama hawezi.

"Umemfanyani?"

"Nimempaka oili, mzee. Alikuwa na kupe."

"Wangapi?"

"Kama saba hivi."

"Saba! Na vidole unavyo kumi!"

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alimwosha kwa sabuni mara nne, akambeba kifuani kumpeleka kwa daktari wa mifugo, lakini siku mbili zilikuwa zimeshapita tangu nimpake. Pilipili alimfia njiani. Mzee hakunisemesha tena mpaka alipoacha kazi, na ile brashi ya mbwa aliiacha imetundikwa mlangoni, niione kila asubuhi.

Sasa wewe, hapa Mishomoroni, una simu ya kukujibu kila swali, umemleta mbwa huyu umpige picha, kisha unamfunga juani kwenye sementi mpaka nywele zimesokotana. Na juu ya hayo unamkorogea sumu! Hasira zangu ni kali kwa sababu najiona mimi mwenyewe, na aibu ile haijanitoka hadi leo.

Basi shika neno hili: kiumbe ukishamtia nyumbani, usimtibu kwa uvivu. Mchane kila wiki. Mpekue masikioni na katikati ya vidole, umng'oe kupe mmoja mmoja kwa kibano. Mtafutie kivuli. Usilolijua, muulize daktari wa mifugo kabla hujamgusa.

Haya, mlete hapa mapajani. Mimi namshika kichwa, wewe anza na sikio la kushoto. Mungu akujaalie mikono yenye subira, na mbwa huyu azeekee mlangoni pako.