Kufuli la Chumba cha Nyuma

Usiku kucha nilijiuliza: nikifunga, kumbe kuna mtu ndani? Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma hajalipa kodi miezi mitatu, na mama alinikabidhi kufuli nikamfungie mlango. “Ukimwonea haya, sisi tutakula nini?”

Asubuhi, mlangoni pake, nilipokewa na harufu ya nta. Anauza asali, kama mama alivyouza zamani.

Wakati huo wapangaji tulikuwa sisi. Mama akienda stesheni kupokea madumu ya asali, alinionya, “Baba mwenye nyumba akigonga, nyamaza kama hupo.” Siku moja akagonga. Nilijikunja nyuma ya madumu, nimeuma ukosi wa shati. “Hawa wamenikimbia,” alinung’unika, kisha nikasikia kufuli likibanwa kwa nje. Ningelia, angefungua, lakini ningekuwa nimemsaliti mama. Nilikaa humo mpaka jua likahama ukutani, vidole vikinata asali.

Sasa mlangoni pa mpangaji, niligonga mimi. Kimya. Halafu dumu likasogea kidogo sakafuni.

Niliinama karibu na mlango. “Mdogo wangu, sifungi. Mwambie mama yako nitakuja jioni tuzungumze.”

Nikarudi ndani, nikamwekea mama kufuli lake mapajani.